Visima Walivyomsafishia Mama Mado

Nimestaafu tangu mvua zilizopita, na ninyi wenzangu mliobaki kazini mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niandike tulivyokuwa tukifanya kazi ya kupima maji. Haya, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Anayetaka habari hizo aende ofisini, watampa kiti asubiri. Nitaandika juu ya chupa, kamba, barafu na wivu. Wivu nauweka hapo kwa makusudi, kwa sababu nilifanya nao kazi miaka yote, na mimi nimestaafu, wenyewe bado.

Jina langu ni Kalenga. Nilizaliwa Pweto, upande wa Congo, nikavuka kuja Zambia wakati wa vita nikiwa na mke, mtoto mmoja na spana mbili. Katika kambi ya wakimbizi nilijulikana kwa kutengeneza pampu za mkono. Kambi ilipofungwa wengi walirudi kwao, mimi nikabaki Nchelenge, nikawa nazunguka na baiskeli kutoka Kabuta hadi Mununga nikifungua pampu zilizokufa. Ba Chanda alinikuta katika hali hiyo, nimelala kifudifudi, mkono mzima umezama ndani ya bomba. Aliniuliza maji ya pale yako mita ngapi chini. Nikamjibu kumi na moja. Akashusha kamba yake ya kupimia, ile inayolia ikigusa maji, ikalia kwenye kumi na moja kasoro kidogo. Wiki iliyofuata nilikuwa msaidizi wake.

Ba Chanda alikuwa mtaalamu wa maji ya ardhini, Mbemba wa Copperbelt, lakini alikuwa amekaa Lubumbashi hata Kiswahili chake kikawa kama chetu. Hilo "Ba" ni heshima ya Kibemba, na katika miaka yote sikuwahi kumwita bila hilo. Tulianza na visima vya zahanati na shule. Baadaye ikaja kampuni iliyotaka kuchimba makaa ya mawe bara, nyuma ya vijiji vya ziwani, na Ba Chanda akapewa kazi ya kupima maji kabla mgodi haujaanza.

Mgodi wenyewe ulikuwa bado ni ramani. Lakini kabla ya jembe la kwanza, maji ya visima vyote vya jirani yalitakiwa kupimwa mara nne kwa mwaka, mvua na kiangazi, ili ijulikane yalikuwaje. Nawaeleza hili vizuri kwa sababu kuna vijana nimewaona wakijaza chupa kama wanajaza soda. Siku moja maji yakigeuka rangi ya kutu, kampuni itasema yalikuwa hivyo tangu zamani, na mwanakijiji atasema hapana. Atakayesikilizwa ni yule mwenye namba za kabla. Kijiji kisicho na namba zake kitabuni kitalia peke yake.

Siku yangu ya kwanza kuchukua maji mwenyewe, Ba Chanda alimwaga chupa zangu zote sita. Ya kwanza niligusa mdomo wake kwa kidole. Ya pili niliacha kizibo chake chini kwenye mchanga. Nyingine nne alizimwaga, akasema, kwa sababu kabla ya kuja nilikuwa nimetia petroli kwenye pikipiki na sikunawa. Nilirudi kisimani nikapampu upya, ndoo baada ya ndoo, mpaka mita zote tatu zikatulia: joto, uchachu na jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hapo ndipo maji ya ndani kabisa yamefika, yale ya bombani yaliyolala yameshatoka. Mkono uliniuma siku mbili. Tangu siku hiyo sikutia petroli kabla ya kazi, hata pale nilipolazimika kusukuma pikipiki hadi Kashikishi.

Barafu tuliichukua kwa wafanyabiashara wa samaki. Hakuna barafu nyingine ya kutegemea ufukweni kwetu. Sanduku letu la chupa lilikuwa likinuka kisense, vile visamaki vidogo, hata maabara mjini walilalamika. Ba Chanda aliwajibu kwamba pua si kipimo, wafungue chupa. Alinifundisha pia kuandika namba kwenye daftari kabla ya kuitamka, maana ukiitamka kwanza, mwenzako akakunja uso, mkono utaandika kitu kingine. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyompenda baba yangu, na nilidhani mimi ndiye mwanafunzi wake wa pekee. Hapo ndipo ubaya wangu ulipoanza.

Kazi ya mgodi ilikuwa na visima vingi kuliko miguu yangu. Ba Chanda akamleta mtu wa pili, mwanamke Mcongo wa Kilwa, Madeleine, ambaye ufukwe mzima ulimwita Mama Mado. Alikuwa ameuza samaki miaka mingi, na alijua jina la kila mama kutoka Chienge kushuka. Kuhusu maji alijua kwamba yanachotwa. Nikaambiwa nimfundishe, na nilimfundisha vizuri, sitajisingizia. Alishika haraka. Hakugusa mdomo wa chupa hata siku moja, na hilo lilinikera, kwa sababu mimi nilihitaji kumwagiwa sita ili nijifunze.

Tukagawana vijiji. Yeye akapewa vya ziwani, pamoja na Mukosa, kijiji chenye visima vitano vya kuchimba kwa mkono. Mimi nikapewa vya bara. Nilikuwa nafanya kazi kwa sheria zote. Nikifika kisimani nawazuia akina mama wasichote mpaka nimalize, saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Walikaa na ndoo zao wakinitazama kama mtoza kodi. Mama Mado yeye alifika alfajiri kabla mtu hajachota, akapima kina, akachukua maji yake, kisha akakaa kuwasaidia kuchota na kusikiliza habari za nani amejifungua. Wakamfungia mihogo na samaki wa kuondoka nao. Mimi katika miaka ile yote nilipewa hindi moja la kuchoma, na yule mama alikuwa amenifananisha na mtu mwingine.

Matokeo ya raundi ya kwanza yalirudi kutoka maabara. Visima vyangu vilikuwa na vijidudu vya choo, na chuma. Visima vya Mukosa havikuwa na kijidudu hata kimoja, na chuma karibu hakuna. Nikangoja Ba Chanda ashangae. Badala yake alizigeuza karatasi mara mbili, akaniuliza kwa upole kama siku hizi nanawa mikono vizuri. Kisha akamtazama Mama Mado, akasema mbele yangu kwamba mikono ya huyu mama ni ya kuigwa. Akampa mita mpya, ile yenye kioo kinachowaka. Ya kwangu ilikuwa imefungwa kwa utepe wa plasta.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilikuwa na hakika kwamba maji yangu ni machafu kwa sababu ni machafu, si kwa sababu ya mikono yangu. Kisima cha kuchimba kwa mkono, kilicho wazi, mbuzi wanapita, kikose kijidudu? Lakini ningesema nini? Ningeonekana mtu mwenye wivu, na ndivyo nilivyokuwa.

Raundi ya pili iliangukia wakati wa mvua. Siku moja kabla ya zamu ya Mama Mado kwenda Mukosa, nilipita kijijini hapo kuchukua kamba ya kupimia kina, ambayo aliiacha kwa mama mmoja anayeitwa Bana Mwila, mwangalizi wa visima. Nikawakuta akina mama wanne kwenye kisima cha tatu. Wawili walikuwa wakifagia kukizunguka. Wa tatu alikuwa akikoroga ndani kwa mti mrefu. Bana Mwila mwenyewe alikuwa ameshika kidumu cha dawa ya klorini, ile ambayo zahanati hugawa msimu wa kipindupindu, na alikuwa akiimwaga yote.

Nikamsalimu, nikamuuliza wanafanya nini. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kuficha lolote.

"Mama Mado anakuya kesho. Mugeni wetu hawezi kukuta kisima kichafu."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Kwao ilikuwa ni sawa na kufagia uwanja na kutandika mkeka. Rafiki yao anakuja kuangalia kisima, kwa hiyo kisima kinasafishwa. Dawa inaua vijidudu, inazamisha chuma chini, na kesho yake harufu inakuwa imepungua, isitoshe ufukweni kwetu msimu wa mvua hakuna anayeshtuka kwa harufu ya klorini. Mama Mado alikuwa akichukua chupa safi kabisa za maji yasiyo ya kweli. Kwenye mfuko wangu nilikuwa na vidonge vya kujaribia, ambavyo tulikuwa tukivitumia kwa mabomba ya mjini tu: unatia kimoja kwenye maji, unatikisa, yakigeuka waridi kuna klorini. Hicho ndicho kitu pekee ambacho sikumfundisha. Mwanzoni nilisahau. Kuanzia siku hiyo sikusahau tena, nilinyamaza.

Nilipaswa kumweleza Bana Mwila pale pale. Nilipaswa kumpigia Mama Mado simu kabla sijawasha pikipiki. Nilichukua kamba, nikashukuru, nikaondoka, na njiani niliimba. Nawaambia ukweli, vijana: niliimba. Nilikuwa na kitu mkononi ambacho kingemtoa yule mwanamke kwenye macho ya Ba Chanda, na sikutaka kukitumia kwa simu ya dakika mbili. Nilitaka siku ambayo watu wote watakuwa mezani.

Raundi ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Mara zote mbili visima vya Mukosa vilirudi safi, Mama Mado akasifiwa, na mimi nikakaa na siri yangu nikiilisha. Nilitunga hotuba. Niliirudia nikiwa nanawa, nikiwa napampu, mpaka mke wangu akaniuliza nasali sala gani.

Kisha akaja mkaguzi kutoka Lusaka, kijana mwembamba mwenye miwani, kusoma namba zetu kabla ya raundi ya mwisho. Tulikaa wanne ofisini Nchelenge. Alitandaza karatasi, akaweka kalamu juu ya Mukosa. Akasema visima vitano vya kuchimba kwa mkono, mara tatu, bila kijidudu, bila chuma, na kloridi, ile chumvi ya klorini, imepanda kuliko jirani zake wote, si maji ya ardhini ya mahali popote anapopajua. Kuna mtu ameyachezea. Hataki kujua ni nani. Ataitoa Mukosa kitabuni.

Mama Mado aligeuka rangi. Akasema hakuyachezea. Akasema tena, kwa sauti ndogo. Mimi nikasimama, kwa sababu siku yangu ilikuwa imefika, nikatoa hotuba yangu yote: kidumu, mti wa kukorogea, maneno ya Bana Mwila. Niliitoa vizuri. Nilipokaa nilitegemea macho yote yawe kwa Mama Mado.

Ba Chanda alikuwa akinitazama mimi.

"Uliona siku gani?" akaniuliza.

Nikasema kabla ya raundi ya pili. Akahesabu kwa vidole juu ya meza, polepole, kama anayehesabu ndoo. Akauliza kama niliwaambia wale akina mama waache. Nikasema hapana. Akauliza kama nilimwambia mwenzangu. Nikainama kusoma karatasi ya Mukosa kana kwamba ni mpya.

Mama Mado ndiye aliyesema. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniuma. "Papa Kalenga," alisema, "ungenipigia telefone moja tu."

Ba Chanda hakunifukuza. Alifanya jambo baya zaidi: aliacha kunieleza mambo. Tangu siku hiyo alinipa maagizo tu, na maelezo yote, kwa nini maji yanafanya hivi na vile, alimpa Mama Mado. Mkaguzi alikubali jambo moja. Kama tukileta raundi moja ya Mukosa iliyo safi kwa kazi, yaani chafu kama Mungu alivyoiumba, ataiweka kitabuni kwa maelezo. Tukishindwa, watu wa Mukosa watabaki bila namba hata moja, na mgodi ukifunguliwa watakuwa wageni kwenye maji yao wenyewe. Alitupa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata.

Mama Mado alichukua vidonge, akajifunza mwenyewe kwa kusoma karatasi ya ndani, akaenda Mukosa. Aliwakalisha akina mama akawaeleza kila kitu, kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Walielewa. Bana Mwila alirudia maneno yote bila kukosea. Siku aliyorudi na chupa, kidonge kikageuza maji waridi. Alipouliza, waliinamisha vichwa, mmoja akasema walitia kidogo tu, kwa sababu mbuzi alikuwa amekufa karibu na waliona aibu.

Akasubiri dawa iishe. Akarudi safari ya pili. Kidonge hakikugeuza kitu, akafurahi, mpaka alipotazama ndani ya kisima. Walikuwa wametoa matope yote, wamesugua kuta kwa brashi, na maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Hawakutia dawa, walimwambia, waliosha tu. Jaribuni kuwaelewa: walijua kabisa kwamba haitakiwi. Lakini rafiki yako anakuja, na uchafu wako uko wazi, na ufagio uko hapo. Tangu hapo walikuwa wakisafisha kila baada ya siku mbili tatu, wasije wakakutwa.

Ilikuwa imebaki wiki moja na siku kadhaa. Mama Mado alikuja nyumbani kwangu saa za mchana. Nilikuwa nikikarabati kiti. Sikumkaribisha vizuri, nilifikiri amekuja kunisema, na kwa kweli nilitaka anitukane, ili nami nipate la kumchukia nalo. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza yote, habari ya mbuzi na brashi. Tulicheka wote wawili bila kutaka. Kisha akasema kilichomleta.

"Wende weye, Papa Kalenga. Mi nitabaambia nimeacha kazi ya Mukosa, tangu leo ni weye. Weye habatakusafishia."

Nilimuuliza ana hakika gani. Akatazama chini, na nikaona anatafuta namna ya kulisema bila kunivunja, na hakuipata.

"Bamama banakuogopa," alisema. "Na habakupendi sana."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na haki ya kusema hiyo ni sehemu yake, makosa ni ya watu wake, abebe mwenyewe. Niliyapima maneno hayo mdomoni. Lakini kitabu kingefungwa, na najua kisima ni nini kwa mtu asiye na kingine. Nikamwambia nitakwenda wiki ijayo, awatangazie siku kabisa, Alhamisi, jina langu na pikipiki yangu, wapate muda wa kutosha wa kusafisha kama wanataka.

Alhamisi nilifika Mukosa asubuhi. Akina mama walikuwepo na ndoo zao. Waliniitikia salamu kwa adabu, wakarudi nyuma hatua tatu, wakakaa kusubiri. Hakuna aliyekuwa amefagia. Majani yalikuwa yamejaa kwenye ukingo wa kisima cha kwanza, na mavi ya mbuzi yalikuwa pale yalipoangukia. Nilishusha kamba, ikalia, nikaandika namba kabla ya kuitamka. Nilijaza chupa zote bila kugusa mdomo, nikachuja zile za chuma, nikatia tindikali, nikazipanga kwenye barafu.

Kilibaki kidonge. Nilichota maji kwenye kichupa, nikakitia, nikatikisa, nikakiinua kwenye jua. Hii ndiyo raundi iliyoingia kitabuni. Mukosa ina ukurasa wake leo, visima vitano, vijidudu, chuma na yote, na chini kuna sahihi yangu. Mgodi ukija, usipokuja, watu wale wana neno lao. Ba Chanda aliusoma akasema kazi nzuri, na Mama Mado alinishika mkono. Ninyi mnaonisoma mtasema nilipaswa kuridhika.

Lakini mliniomba niandike ilivyokuwa. Nilisimama pale kisimani na kichupa juani muda mrefu kuliko kipimo kinavyotaka, akina mama wakinitazama, nikiomba moyoni kigeuke waridi, hata kidogo, kama kilivyogeuka cha Mama Mado. Maji yakabaki maji.